Damu ya Bluu na Kifaru wa Nürnberg

Mpwa wangu alikuwa na miaka sita alipoulaza mkono wake juu ya kitabu akaniuliza damu yake ya bluu imebaki kiasi gani. Kitabu kilikuwa kile chenye mtu aliyepasuliwa katikati, ukurasa mzima, mishipa imemtapakaa kama mizizi: mingine myekundu, mingine ya bluu. Aligeuza kiganja, akaitazama mishipa ya hapo kwenye kifundo cha mkono, akaiona ya bluu vilevile. Ushahidi ukakamilika. Ila wiki iliyotangulia alikuwa amejikwaa na goti likatoka damu nyekundu, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa hivi: nyekundu ndiyo ya matumizi, ya bluu ni akiba. Alitaka kujua akiba ikoje.

Nikamwambia damu yote ni nyekundu. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemwonea mzee huruma, kisha akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Mjomba, mbona hapa ni bluu?"

Niliyasoma maandishi ya ukurasa ule mara mbili nikitafuta pa kujishikia. Yalikuwa safi. Hakuna sentensi hata moja iliyosema damu ni ya bluu. Yalisema tu kwamba vena huirudisha moyoni damu iliyokwisha kutoa sehemu ya oksijeni yake. Damu hiyo ni nyekundu iliyokolea, basi. Ule ubluu tunaouona mkononi ni mchezo wa mwanga unavyopenya ngozi na kurudi machoni. Mchoraji naye hakukusudia kumdanganya mtu. Ni mazoea ya michoro ya mwili kupaka ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, nyekundu na vena bluu ili jicho lisipotee njia, kama ramani inavyozipa barabara kuu rangi moja na za vumbi rangi nyingine. Mtu mzima anajua kwamba akifika pale hataikuta lami imepakwa rangi. Mtoto wa miaka sita hajui, na ukurasa ule haukuwa na hata mstari mmoja wa kumwambia.

Tangu siku hiyo, nikishika kitabu cha maarifa cha watoto naanza na picha. Maandishi nayaacha kwanza. Sisi tuliozoea kusoma tunadhani picha ni pambo la maneno. Kwa mtoto ni kinyume: picha ndiyo inayosema, maneno ni sauti ya mtu mzima aliyekaa pembeni. Kwenye kitabu cha hadithi hilo halina neno. Sungura akivaa suruali na kufungua duka, ni sungura wa hadithi, mtoto anajua na anacheka. Lakini kitabu kikishajitambulisha kwamba kinasema kweli, kila rangi iliyomo ni dai. Kila ukubwa ni dai. Kitu kikiwekwa karibu na kingine, hilo nalo ni dai. Na dai la picha lina tabia mbaya ya kudumu.

Nani asiyeamini amtazame kifaru wa mchoraji Albrecht Dürer. Mwezi Mei mwaka 1515 kifaru aliyetoka India alishushwa Lisbon, mnyama ambaye Ulaya haikuwa imemwona akiwa hai tangu enzi za Warumi. Dürer alikuwa Nürnberg, Ujerumani, mbali kabisa, na hakuwahi kumtia machoni. Alichokuwa nacho ni barua yenye maelezo na mchoro wa harakaharaka wa mtu mwingine. Kwa hivyo viwili akachonga picha yake juu ya ubao: mnyama aliyevaa mabamba kama askari, miguu ina magamba, na juu ya mabega kapembe kadogo ka ziada ambako hakuna kifaru yeyote duniani aliyewahi kukaota. Picha ilikuwa nzuri mno. Ikanakiliwa, na nakala zikanakiliwa, ikaingia kwenye vitabu vya wanyama, na kwa zaidi ya miaka 200 Ulaya ikamjua kifaru kwa sura ile. Walioleta michoro sahihi zaidi walipata shida kusikilizwa. Kifaru wao alionekana hana hadhi. (Kiswahili kimelipa gari la vita la deraya jina la kifaru. Dürer yeye alimvika deraya kifaru mwenyewe.)

Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba Dürer hakuwa mvivu wala mwongo. Alikuwa mmoja wa wachoraji hodari waliowahi kuishi, na uhodari wake ndio ulioponza. Angekuwa anachora vibaya, kosa lingekufa naye. Huwa namkumbuka kila ninapoona kitabu cha watoto chenye michoro ya kung'aa, ya kompyuta, kila unywele mahali pake. Uzuri haunihakikishii kitu. Nataka kujua aliyechora alikuwa anatazama nini.

Mtu aliyetazama ni Maria Sibylla Merian. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1647, na tangu utotoni alikuwa akifuga viwavi. Zama hizo wengi bado waliamini wadudu huzuka tu kutoka kwenye tope na vitu vilivyooza. Yeye alikuwa amewaona wakitaga, wakiangua, wakila, wakijifunga, wakitoka wana mabawa. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alipanda meli na binti yake Dorothea kwenda Suriname, Amerika Kusini, wakakaa huko takribani miaka miwili mpaka maradhi yakamrudisha. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1705 kina picha 60, na nyingi kati yake zimefanya kitu ambacho leo tunakiona cha kawaida kwa sababu yake na wenzake wachache: kiwavi, pupa na mdudu kamili wote wako kwenye mmea mmoja, na mara nyingi mmea wenyewe ndio wanaoula. Ukurasa mmoja unasimulia maisha mazima. Huhitaji kujua kusoma.

Mojawapo ya picha zake inaonyesha buibui mkubwa akimla ndege mdogo. Baadaye wasomi kadhaa waliicheka, wakasema bibi huyu alidanganywa. Mwaka 1863 mtafiti wa viumbe Henry Walter Bates, aliyekaa miaka mingi kwenye misitu ya Amazon, akaandika kwamba amemkuta buibui wa namna hiyo na ndege aliowanasa. Sisemi kwamba Merian hakukosea. Alikosea; kuna mdudu aliyeandika kwamba kichwa chake huwaka usiku kama taa, nacho hakiwaki. Pia mengi hakuyapata peke yake: aliandika mwenyewe kwamba wanawake watumwa ndio waliomweleza kazi ya baadhi ya mimea. Lakini aliweka bayana nini aliona na nini aliambiwa, na hiyo kwangu ni nusu ya kazi ya kitabu cha maarifa.

Kitabu chenyewe cha picha kwa ajili ya watoto ni cha zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1658, huko huko Nürnberg kwa Dürer, kilichapishwa kitabu cha mwalimu Johann Amos Comenius kilichoitwa Orbis Sensualium Pictus, yaani ulimwengu wa vitu vinavyoonekana, kwa picha. Sura 150, Kilatini na Kijerumani bega kwa bega, na ujanja mmoja ambao hadi leo haujapata mshindani: kila kitu kwenye picha kimepewa namba, na namba hiyohiyo iko kwenye neno lake. Mtoto anaruka kutoka kwenye picha kwenda kwenye neno na kurudi. Mwanzoni kuna alfabeti ya sauti za wanyama, kondoo analia, kunguru analia, kila mmoja na herufi yake. Na alipofika kwenye roho ya mwanadamu, kitu ambacho hakionekani kwa jicho, Comenius hakuiruka. Ukurasa wake una umbo la mtu lililochorwa kwa nukta nukta. Ni kama kusema: hapa tunaonyesha kitu bila kudai kwamba kinaonekana hivi. Laiti mchoraji wa ile mishipa ya bluu angekuwa na nukta zake.

Nije kwenye ukubwa, maana hapa ndipo vitabu vingi vinapojikwaa. Karatasi ina mipaka. Chungu na nyangumi wote wanatakiwa waenee kwenye upana uleule, na mtoto akifunua kurasa mbili mfululizo anawakuta wanalingana. Mwanasayansi Robert Hooke mwaka 1665 alimchora kiroboto aliyemwona kwa hadubini kwenye karatasi ya kukunjua, ana urefu wa karibu sentimita 45, kila unywele wa mguu unahesabika. Picha ya ajabu, lakini msomaji wa Hooke alikuwa mtu mzima anayejua kiroboto kwa kuumwa naye. Mtoto anahitaji kitu cha kupimia. Dawa ni rahisi na haigharimu chochote: mchore mkono wa mtu kando ya mnyama, au kidole, au chapisha jicho la mnyama kwa ukubwa wake halisi hata kama mnyama mwenyewe hatatosha. Vitabu vinavyofanya hivyo, mtoto huweka kiganja chake juu ya ukurasa bila kuambiwa. Ukiona kiganja kimekwenda, jua kitabu kimefanya kazi.

Anga ndiyo iliyonitoa jasho. Tulikuwa na kitabu chenye Dunia na Mwezi, vimekaa karibu kama vikombe mezani. Nikachukua mpira wa tenisi na goroli. Mpira ni Dunia. Goroli, kwa kipimo hicho, ndiyo Mwezi, inapungua kidogo tu. Nikamwambia aiweke goroli mahali anapodhani Mwezi ulipo. Akaiweka sentimita kumi hivi kutoka kwenye mpira. Nikamwomba asogeze. Akasogeza kwa shingo upande, kidogo. Sogeza tena. Akaanza kunishuku. Umbali kutoka hapa mpaka Mwezini ni takribani kilomita 384,000, sawa na Dunia 30 zilizopangwa mstari mmoja, kwa hiyo goroli ilitakiwa ikae mita mbili mbali. Tulipofika mita mbili alikaa katikati ya mpira na goroli, akatazama huku, akatazama huku. "Hapa kote hakuna kitu?" Hakuna. Kisha nikamwambia kuhusu Jua: kwa mpira uleule, Jua lingekuwa na upana wa mita saba na robo, nalo lingekaa karibu mita 800 kutoka tulipo. Hilo hatukulipima. Miguu yangu ilikataa.

Simlaumu mchoraji kwa kutochora hivyo. Hawezi, ukurasa wa kipimo halisi ungekuwa mweupe mtupu wenye nukta mbili pembeni. Ninachodai ni sentensi moja chini ya picha: umbali huu si wa kweli. Maneno matano tu. Vitabu vya watu wazima huyaandika. Kwa nini watoto wanyimwe?

Kuna jambo nimelichoka, niseme tu. Ni yule fuko mwenye miwani. Au nyuki mwenye kofia, au tone la maji lenye macho, anayeruka kutoka ukurasa hadi ukurasa akisema "Je, wajua?" Wahariri wanamwamini sana, wanadhani maarifa bila kichekesho hayamezeki. Mimi naona anaharibu kitu. Mtoto akimwona popo halisi, na uso wake ule wa kukunjamana, anainama kumtazama. Akimwona fuko mwenye miwani anamtazama fuko. Tena fuko huyo anajibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza. Mpwa wangu haungi mkono msimamo huu, anampenda fuko, na ana haki yake.

Kitabu cha picha cha kawaida kina kurasa 32. Idadi hiyo haikutoka mbinguni; karatasi kubwa ya kiwandani huchapwa pande mbili, ikakunjwa na kukatwa, na kurasa zikatoka kwa mafungu ya 8, 16, 32. Toa jalada la ndani, haki za uchapishaji na mambo ya mwisho, mwandishi anabaki na nafasi kumi na kitu za kufunua. Anayetaka kumwaga bahari nzima humo atamwaga chumvi tu. Ndiyo maana navutiwa zaidi na vitabu vilivyochagua kitu kimoja kidogo: jino, dimbwi, jani linalooza, mnyama mmoja kwa siku moja. Vile vya "mambo elfu moja ya kustaajabisha" tunavyo pia, na vinasomwa chooni, lakini sijawahi kuona mtoto akiuliza swali la pili kutoka humo. Anajua nyangumi wa bluu hufika mita 30. Haya. Halafu? Kitabu kimeshahamia kwenye volkeno.

Volkeno ndiyo iliyonikumbusha adha za lugha yetu wenyewe. Kitabu kimoja cha vipepeo kiliandika kwamba yai huwa lava. Mtoto, aliyetoka kusoma milima ya moto, akanyamaza kwanza, kisha akauliza kama mama kipepeo haungui. Kiwavi tunaye, neno zuri, linatambaa lenyewe ukilitamka. Sijui nani aliona aibu kulitumia. Kiluwiluwi naye yupo, ila huyo ana matatizo yake, maana ni mtoto wa mbu na pia mtoto wa chura, na hapo picha isipokuwa makini neno peke yake halitakuokoa.

Na faharasa! Nilimfundisha mpwa wangu kwamba nyuma ya kitabu kuna orodha ya maneno na namba za kurasa, akaona nimempa ufunguo wa nyumba. Akaenda kutafuta vipepeo kwenye V. Hakuna. Akatafuta wadudu kwenye W. Hakuna. Nikalazimika kumweleza kwamba faharasa inataka mmoja mmoja, kipepeo kwenye K, mdudu kwenye M, na kwamba ndiyo maana M imejaa watu kama basi la asubuhi. Alilikubali hilo kwa haraka kuliko nilivyotarajia. Wiki hiyo yote alikuwa akiniuliza: "Mjomba, macho yako kwenye nini?" Kwenye J.

Kurasa za nyuma ndizo ninazozisoma kabla ya kuamua kama kitabu kinafaa. Hapo ndipo mwandishi mwaminifu anapoeleza wanajuaje. Chukua dinosaria. Gideon Mantell alipompa jina Iguanodon mwaka 1825, kulikuwa na mfupa mmoja mfupi wenye ncha, naye akaona unafaa kuwa pembe ya puani. Mwaka 1854 mnyama huyo akajengwa mzima kwa ukubwa wake kwenye bustani ya Crystal Palace jijini London, pembe puani, na bado amesimama hadi leo. Kisha mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe wa Bernissart, Ubelgiji, wakakuta mifupa ya Iguanodon wengi waliokamilika, na ile pembe ikaonekana mahali pake: ni kidole gumba. Kisa hiki mpwa wangu amekiomba mara nyingi kuliko hadithi yoyote ya sungura. Anacheka kila tukifika kwenye gumba, na anajishika pua.

Vivyo hivyo rangi. Kwa muda mrefu rangi ya dinosaria ilikuwa hiari ya mchoraji. Mwaka 1996 China ikatoa Sinosauropteryx, dinosaria mdogo aliyefunikwa na malaika ya manyoya, na mwaka 2010 wanasayansi waliochunguza vichembe vya rangi vilivyohifadhiwa kwenye visukuku vya manyoya hayo wakasema mkia wake ulikuwa na milia, kahawia ya wekundu na nyeupe. Kitabu kizuri kinakwambia: huyu tunajua, huyu wa pembeni tumekisia. Mtoto akishaonja tofauti hiyo hasahau. Huanza kukuuliza kwa kila picha, "Huyu wamemjua au wamekisia?"

Vitabu vya zamani navyo sivitupi. Tuna kimoja chenye sayari tisa, kilichochapwa kabla ya mwaka 2006, Pluto ilipoondolewa kwenye orodha. Tumeandika kwa penseli pembeni. Ni desturi yetu sasa: penseli hukaa pamoja na vitabu, na tukikuta jambo limebadilika au picha imetia chumvi, tunaandika kwa herufi ndogo na kuweka tarehe. Kwenye ule ukurasa wa mishipa kuna maneno yangu: "Rangi hii ni ya kuonyesha njia tu. Damu ni nyekundu."

Juzi tulikuwa kwenye kitabu cha pweza. Mpwa wangu sasa ana miaka minane, anasoma mwenyewe kwa sauti, mimi ndiye pambo. Akasoma kwamba pweza ana mioyo mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye matamvua na mmoja wa mwili uliobaki. Akasoma kwamba damu yake haitumii chuma kubeba oksijeni kama yetu, hutumia shaba. Akaenda mstari uliofuata, akasimama, akaurudia kimoyomoyo. Damu ya pweza ni ya bluu. Bluu kweli, na ubluu huo huja pale inapokuwa imebeba oksijeni. Ikishaitoa, rangi hupotea.

Hakusema kitu. Aliinuka akakileta kile kitabu cha mtu aliyepasuliwa, akafungua kwenye mishipa, akachukua penseli, na chini ya maneno yangu akaandika kwa herufi kubwa za kupinda: ISIPOKUWA PWEZA. Akaweka tarehe. Kisha akakirudia kitabu cha pweza, akakigeuza, akaanza kutoka mwisho.

"Ngoja kwanza," akasema, kidole kikishuka kwenye P. "Nani alimwona?"